Kilichokata Uzi wa Mumbua

Tawa,
15 Juni 1987

Kwa dada yangu Kalunde, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku Tawa. Natumaini mgongo umeanza kukuacha ulale, na kwamba huko Zombe mtavuna hata kama ni madebe mawili ya ndengu. Sisi tu wazima. Cherehani inazunguka, watoto wanakula, na mimi nimeudhika tangu mwezi wa tano.

Barua yako niliipata Ijumaa. Umeniuliza jambo moja tu: ni kweli wifi yako Mumbua alikiletea kikundi cha kanisa uzi mbovu? Nitakujibu, lakini kwanza unisikie nilivyoteseka.

Unajua mimi sikufundishwa kushona na mtu. Nilifumua gauni kuukuu la mama, nikahesabu vipande tisa, nikalishona upya. Leo nusu ya sare za shule hapa zimepita mkononi mwangu. Kwa hivyo kikundi kilipotafuta mtu wa kujifunza kufuma mikanda ya viondo kwa vibao, nilisema mtu huyo ni mimi. Mwalimu ni Mwanamkasi, mama Mwislamu kutoka Kitui mjini, mpole mpaka anachosha. Alikata katoni akapata vibao ishirini vya mraba, kila kibao tundu nne kwenye pembe. Nyuzi themanini, basi. Upande mmoja unafunga kwenye nguzo ya baraza la kanisa, upande wa pili kiunoni mwako, kama mbuzi. Unazungusha vibao vyote pamoja, robo mzunguko, unapitisha uzi katikati, unakaza. Vibao kumi vimetungwa uzi kutoka kulia na kumi kutoka kushoto, vikipishana.

Kalunde, kazi hii inatia kinyaa. Uzi ni ule wa katani ambao Mumbua anausokota pajani kwa mate na jivu, na unanuka kama ngozi iliyolowekwa. Mkanda wangu wa kwanza ulijikunja kama utumbo wa kuku. Wa pili, niligeuza kibao kimoja bila kujua, maua yote yakaenda upogo. Mwanamkasi akachungulia, akasema pole dada, fumua. Nikafumua. Wanawake walewale ninaowapima kifua kila Desemba wakaulizana kama fundi ameanza kupofuka.

Alinifundisha nizungushe vibao mara nne kwenda mbele, halafu mara nne kurudi nyuma. Mimi nikaona ni upuuzi, nusu ya kazi kurudi nyuma. Alipoenda kwao Kitui siku chache, nikazungusha mbele tu, siku tatu mfululizo. Mkanda ukanyooka, nikajisifu. Siku ya nne nyuzi zikaanza kukatika, mpaka zikafika kumi na tatu.

Jumamosi, tarehe thelathini Mei, mwenyekiti akauliza mbele ya kikundi chote kwa nini mkanda haujaisha. Nikasema uzi umeoza. Mumbua akaitwa. Hakupiga kelele. Alipandisha leso akatuonyesha paja, limechubuka mpaka linatoa maji, akanigeukia mimi:

"Syokau, tazama. Nani anachubuka hivi kwa kusokota uzi uliooza?"

Nikageuza uso kwa kinyaa. Wengine wakacheka. Wakamtoa kikundini, uzi wake wakagawana wa kufungia mbuzi. Sasa hakuna anayempa kazi ya kusokota, na njiani wanamwita Mama Kuoza.

Jibu lako ni hili: si kweli. Beberu wa mwenyekiti anavuta uzi ule wiki ya pili sasa na hajaukata. Mwanamkasi aliporudi aliniambia, bila hata kukunja uso, kwamba ukizungusha mbele tu, vibao vilivyotungwa kutoka kushoto vinaulegeza msokoto mpaka uzi unaachana. Ndiyo sababu ya kurudi nyuma.

Lakini hilo si baya zaidi. Mimi nilikuwa nimejua. Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, nilihesabu nyuzi zilizokatika. Zote kumi na tatu zilikuwa za vibao vya kushoto. Za kulia, hakuna hata moja. Uzi ukioza hauchagui upande. Sikujua inakuwaje, ila nilijua palepale kwamba kosa ni la mkono wangu. Nikalala nalo, nikaamka, nikaenda nikamtaja Mumbua, kwa sababu sikutaka kuambiwa fumua tena mbele ya wanawake wale. Kinyaa nilichomwonea sasa ninajionea mwenyewe, hata mkono huu ninaokuandikia sipendi kuutazama.

Msomee mumeo Muthama barua hii yote, asiendelee kumwonea dada yake aibu. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu najijua: barua ikishaingia posta siwezi kuirudisha. Jumamosi nitasimama kwenye baraza lilelile niwatajie hesabu yangu, kumi na tatu kushoto, kulia hakuna, na wamrudishe Mumbua. Wakitaka kunitoa mimi, wanitoe.

Wasalimie watoto, na mwanao Ndeti mwambie kaptura yake iko tayari. Kwa Mumbua usinipelekee salamu. Nikitoka posta leo naenda kwake kwa miguu yangu, na sijui kama atanifungulia.

Ni mimi mdogo wako,
Syokau