Kumtuma Sista Pilar

Kalemie, 9 Februari 1986

Papa mpenzi,

Salamu za ziwani zikufikie huko juu Kirungu kwenye baridi. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi ni mzima.

Masista wa Kihispania watapeleka msichana mmoja kwao kusomea ukunga, na tumebaki wawili. Lugha yao naipenda, Papa. Sisi tunasema "nipe", wao huyo "mimi" anafuata nyuma: "dame". Ukitaka kutaja na kitu chenyewe, nacho kinapanda nyuma yake: "dámelo", nipe hicho, kama behewa la mwisho.

Lakini juzi nilishindwa. Sista Pilar, mwenye mvi, akinijaribu lugha, alitaka nimwamuru akae, asimame, anipe kitabu. Nikainamisha macho. Naanzaje kumtuma mzee? Akadhani sijui kitu. Nitajaribiwa tena mara moja tu, baada ya Pasaka.

Binti yako, Bertille

Kirungu, 2 Machi

Mwanangu,

Hippolyte muuza maharage ametuletea barua yako. Kifua kimetulia. Nilisoma hayo maneno ya Kihispania mbele ya baba zako wadogo, hata Ignace mbishi akataka nirudie. Nakuvulia kofia, mama.

Kuinamisha macho hukukosea, ndivyo tulivyokulea. Ila kumbuka bibi yako Mujinga: ulimtuma tangu unatambaa, naye akicheka tu, maana mjukuu na bibi ni watani. Huyo Sista ana mvi. Muombe kwanza akubali kuwa bibi yako, halafu umtume bila woga.

Papa yako, Casimir

Kalemie, 14 Aprili

Papa,

Natumaini mvua haijakuonea. Siku ya kujaribiwa nilimwomba Sista Pilar awe bibi yangu, nikamweleza haki ya mjukuu kwetu. Akavua miwani, akasema kwa Kiswahili chake cha hapa: "Na kwetu pia, mujukuu njo mukubwa wa nyumba." Yaani mjukuu ndiye anayetawala!

Basi nikamtuma kwa Kihispania. Aniletee maji, anifungie dirisha, akae, ainuke. Alizunguka chumba kizima akicheka, kashika kiuno.

Wamenichagua mimi. Ndege ni mwezi wa sita, nami nitakaa huko miaka minne. Hawatanipa nafasi ya kuja kukuaga. Papa, ukisema nibaki, nitabaki.

Binti yako, Bertille

Kirungu, 11 Mei

Bertille wangu,

Hapa wote wazima, wanakusalimu. Barua yako ilinipa furaha, kisha nikaenda shambani kulia peke yangu, sikufichi. Hilo neno "baki" lilinijia mdomoni, nikalimeza. Huku mama zetu wanazaa bila mkunga, na wewe ndiwe uliyeshinda. Nenda.

Kesho nateremka kwa miguu mpaka Moba, nitafute mtumbwi wa kuja Kalemie. Usihangaikie kifua changu. Miaka minne ni mingi, nataka kwanza nishibe kukutazama.

Papa yako