Sweta ya Akello

Kambi ya Juu,
S.L.P. 88,
Kericho.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Ouko,

Habari ya joto la Qatar? Unakula, ama bado umekonda vile tulikuona kwa ile picha ya helmeti? Mimi niko fiti. Wasichana wa Chepseon wananiita Dereva, hata kama pikipiki ni ya Kiplangat. Shule niliachia form two lakini kuandika sijasahau. Barua anakuletea Bosire, anayerudi huko kazini, maana haya hayafai grupu ya familia.

Ni dada yetu Akello. Anajiumiza mikono makusudi.

Wachumaji wote kama yeye huwa na mikwaruzo ya matawi ya chai. Hapo ndipo alijificha. Sasa mashine za kuchuma zimekuja, wamama wamekaa nyumbani, mikono yao imepona. Ya Akello haikupona. Akaanza kuvaa sweta juani. Mimi ndiye niliona, si wewe na cheti chako cha forklift.

Shangazi Dorcus alipoweka hayo maneno kwa grupu, uliandika, "Anatafuta kiki, achapwe." Ukaongeza na vicheko. Akello alisoma, kaka.

Nilimbembeleza twende zahanati. Nikauliza sista Rodah, "Huu ni wazimu?"

"Wazimu ni wako," akanijibu. "Uchungu ukizidi na hakuna wa kuambiwa, mwingine analewa, mwingine anapiga watu. Huyu anajiumiza ili moyo utulie kidogo. Halafu aibu inamrudisha pale pale."

Nikaanza kuhesabu, kaka. Mama tulimzika wewe ukiwa huko, kazi ikaisha, Benard mchumba wake naye akaoa kwingine. Sisi wote tukamwambia ajikaze, yeye ndiye mama sasa. Nani alimuuliza kitu? Tulikula chapati zake tu.

Kila Alhamisi nampeleka kwa Rodah bure, na mimi sibebi mtu bure. Ameanza kuongea. Lakini anauliza kama umepiga. Nadanganya network ya Qatar ni mbaya. Nimechoka kukutetea.

Mpigie. Usianze na mikono, na mahubiri weka kando. Muulize amekula nini, halafu umngoje. Anakawia kujibu.

Jana alikunja mikono ya sweta akiosha vyombo, mimi nikiwa hapo hapo. Simu yangu ikalia, akaacha vyombo akakimbia na povu mikononi, akidhani ni wewe. Alikuwa Kiplangat, anataka pikipiki yake.

Shangazi na Kiplangat wanakusalimia. Akello hajui naandika. Mungu akukinge na hilo jua, na moyo wako aulainishe.

Ni mimi wako, nakupenda hata leo, ingawa leo ni kwa nguvu,
Clifford