Debe la Kumi na Tano

Garissa, 3 Februari 1967

Abaayo Mueni, dada yangu,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Kitui, na mama hajambo? Sisi wazima, ila Rukiyo wetu fizi zinamtoka damu. Wanyama wameisha tangu serikali ituhamishie ndani ya kambi hii ya seng'enge, na maziwa yamekwenda nao. Daktari amesema mtoto ale mchicha. Ninaogopa atatutoka.

Hapa ndani ni mchanga wa chumvi tu. Udongo mzuri uko mtoni, na langoni askari wanaruhusu mtu mmoja wa kila nyumba, mara moja kwa siku. Mume wangu Abdille ameshapanga mawe ya tuta la mchicha, futi sita kwa tatu. Wewe uliyenifundisha hesabu kwenye darasa la ngumbaru, nipigie hii: madebe mangapi? Huyu mchunga ngamia wangu anadhani mawili yanatosha.

Mdogo wako,
Timiro

Kitui, 14 Februari 1967

Mdogo wangu Timiro,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari zimeninyima usingizi. Mama hajambo, anawasalimu.

Sita mara tatu ni kumi na nane. Kina weka futi moja, kama tunavyochimba huku kwetu. Debe ni theluthi mbili tu ya futi ya ujazo, kwa hiyo madebe ishirini na saba. Mwambie shemeji tuta si ngamia, halishibi mara moja likangoja wiki. Mbegu nimezifunga humu kwa kitambaa.

Dada yako,
Mueni

Garissa, 6 Machi 1967

Abaayo,

Natumaini hamjambo nyote. Mbegu zimefika. Tumefikisha madebe sita.

Juzi punda wa Maalim wa msikiti wetu alikanyaga bomu lililofukiwa kwenye njia ileile ya mtoni. Sasa Abdille akitoka alasiri nakaa mlangoni, siwezi hata kuchambua mchele mpaka nione debe begani mwake. Rukiyo halii tena, na hilo linanitisha zaidi. Bado ishirini na moja. Yote ni lazima?

Mdogo wako,
Timiro

Kitui, 13 Machi 1967

Timiro mdogo wangu,

Salamu ni fupi, unisamehe. Nilimsomea mama barua yako, akanigombeza. Futi moja ni shimo la mgomba. Mizizi ya mchicha nusu futi inaitosha. Nimekosea. Madebe kumi na nne yanatosha. Mkifika hapo, shemeji asitoke tena.

Dada yako,
Mueni

Garissa, 27 Machi 1967

Abaayo Mueni,

Nakuombea afya, wewe na mama. Barua yako ilifika Ijumaa.

La kumi na nne tulilipata Jumanne. Jumatano, barua yako haijafika, Abdille alitoka kuleta la kumi na tano. Hajarudi. Askari mmoja alilileta debe, akaliweka langoni, nami niliogopa kumuuliza. Lilikuwa limejaa.

Sikulaumu, mimi ndiye niliyeomba hesabu. Mbegu nimezipanda Jumamosi. Jirani ananihimiza nilimwage na hilo tutani, udongo usipotee bure, lakini nikilimwaga nitakuwa nimekubali. Nimeliweka mlangoni. Alasiri nalikalia, natazama lango.

Mdogo wako,
Timiro