Dole la Mayu Kabula

Alhamisi, Bariadi. Upepo umeanza mchana na vumbi limeingia hadi ndani ya droo. Nimefuta meza mara tatu, kisha nikaacha.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Ofisi yetu inaomba mji wetu utambuliwe kuwa mji unaojifunza, ambako hata bibi kizee anasoma: herufi, kutengeneza mboji, kuponya udongo uliochoshwa na pamba. Mimi ni karani wa viambatisho. Kiambatisho kikuu ni daftari la mahudhurio la darasa la watu wazima.

Wanafunzi wote husaini kwa dole gumba. Ila wiki iliyopita Mayu Kabula, yaani mama Kabula kwa Kisukuma, mwenye umri wa bibi yangu, aliisukuma pembeni pedi ya wino akaomba kalamu. Akaandika jina lake kwa mara ya kwanza maishani, herufi kubwa kama viazi, zikafunika mistari minne na majina ya wenzake. Darasa zima lilipiga vigelegele.

Bosi alipouona ukurasa akauliza, "Hapa kapita kuku? Nakili upya, kijana. Pawe safi."

Ningeweza kusema kitu. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Jana nilinakili, na ukurasa wa zamani nikauchana.

Kwenye safu ya sahihi nilibonyeza dole gumba langu mwenyewe, mstari kwa mstari.

Wote ni mimi.

Leo asubuhi Mayu Kabula amekuja ofisini na mke wa mwanawe, wamejifunga khanga za kanisani. Amenisalimu kwa Kisukuma, akiniita ngosha, mwanamume.

"Mwangaluka, ngosha. Mkwe wangu haamini. Hebu mwonyeshe nilivyoandika."

Nimefungua daftari kwenye ukurasa mpya nikiomba, Mungu anisamehe, awe hajajifunza vya kutosha. Lakini ameweka kidole kwenye mstari. "Ka-bu-la. Ma-su-nga." Akakisogeza polepole hadi mwisho wa mstari.

"Hili dole la nani?"

Nimesema ni utaratibu tu, mayu.

Akautazama mkono wangu. Wino ulikuwa haujatoka.

Mkwe wake akacheka. "Si nilikwambia, mama? Ulikuwa unachora tu."

Mayu Kabula akakaza khanga yake. "Haya, ngosha. Kazi njema."

Ningeweza kumwambia mkwe wake kwamba mama aliandika kweli, nimeona kwa macho yangu. Nimefunga daftari.

Maombi yameondoka saa nane, na nakala ya daftari ndani yake. Saa kumi nimekwenda darasani kuchukua mahudhurio. Hakuwepo. Nimemuuliza jirani yake anayekaa naye dawati moja.

"Harudi. Anasema dole lake mnalo tayari, yeye mwenyewe wa nini?"

Wanawake wamecheka. Nami nimecheka nao, kwa woga.

Bosi hataki mahudhurio yashuke. Nimesimama mlangoni, daftari mkononi, na mbele ya jina la Kabula Masunga nimeandika: *yupo*.

Kutakucha tena, na nitawahi kazini kama kawaida. Ni kitu gani kingine ninachojua kufanya?