Boti Uliyomfundisha Nyambura

Baba,

Mvua zimeisha na bati la jikoni bado linavuja palepale. Nimekaa kwenye meza yako iliyo chini ya dirisha. Nimekulilia na bado nakulilia, lakini leo nikikuandikia nina wivu, na wewe hukupenda nikufiche kitu.

Wivu wenyewe ni juu ya Nyambura, jirani yetu.

Mimi ndiye binti yako wa pekee. Mimi ndiye niliyekupikia tangu Mama afariki, nikafagia vipande vya kadibodi chini ya kiti chako. Nilipokuomba unifundishe kuunda zile boti zako za karatasi, ulinitazama vidole ukasema, "Nekesa, mikono yako ina haraka. Karatasi haitaki haraka." Nikarudi jikoni. Halafu akaja Nyambura, fundi wa kushona kule sokoni Gikomba, kuazima mkasi. Ukampa mkasi, ukampa na kiti. Tangu hapo kila Jumapili baada ya kanisa mliinamia meza hii na wembe na rula, sentimita moja ya karatasi kwa mita moja ya boti. Mlikuwa mnacheka. Mimi nilileta chai.

Tuliporudi hapa mtaani Ziwani baada ya kukuzika Bungoma, alikuja kuomba boti uliyoiacha nusu. "Mzee aliniambia niimalizie," akasema. Nilimpa kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa wageni. Aliibeba kwa mikono miwili, na nikamchukia mpaka mgongo wake ukitoka mlangoni.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono kwenye ukumbi wa kanisa. Nyambura alipanga boti zako zote, alizokuja kuniazima, juu ya kitambaa cheupe. Mbele ya kila boti aliweka matishari yake, vile vyombo vipana vya mizigo visivyo na injini, vimefungwa pamoja kwa nyuzi. Ile ya mwisho ilikuwa imekamilika: ngazi, vioo vya plastiki, bomba la moshi. Nilitafuta kosa, Baba. Sikuliona.

Watu wakamuuliza, "Wewe ndiye binti yake?"

"Hapana. Binti yake ni yule pale."

Wote wakageuka. Mama mmoja wa kwaya akaniambia, "Basi tueleze wewe. Mbona boti iko nyuma ya mizigo? Haikupaswa kuwa mbele ikivuta?"

Nyambura naye akanigeukia. Hakujua.

Mimi nilijua. Niliwaambia ulivyokwenda Kongo ukiwa kijana, mekanika wa malori, lori likafia Kisangani, ukapata kazi kwenye injini ya boti kama ile. Nikawaambia boti hizo hazivuti, zinasukuma, ndiyo maana pua zake ni bapa. Mto una kona. Mzigo unaovutwa kwa kamba huyumba ukagonga ukingo, lakini ukiufunga pamoja na kuusukuma, wote unakwenda kama mwili mmoja. Nikawaeleza siku waya uliofunga matishari ulipokatika, tishari moja likachukuliwa na maji likiwa na watu, mbuzi na magunia ya chumvi, hadi likanasa kwenye matete, na wanawake waliokuwemo wakaendelea kukaanga samaki kana kwamba hakuna kitu. Watu walicheka palepale ulipokuwa ukicheka wewe. Hayo uliniambia nikimenya viazi, wiki ile tuliyomzika Mama, uliposhindwa kula.

Tulipokuwa tunafunga vitu, Nyambura akasema kwa sauti ndogo, "Mzee hakuwahi kuniambia hayo. Nilimuuliza alizionea wapi hizi boti, akasema tu, kata polepole."

Nilimtazama usoni, nikaitambua ile sura. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi nikiingia na trei ya chai. Alikuwa ananionea wivu.

Nisamehe, Baba, lakini nilifurahi njia nzima hadi nyumbani.

Jana alikuja na kadibodi kwapani. "Nekesa, nataka kuunda lile tishari lililochukuliwa na maji. Niambie lilikuwaje." Nilitaka kumfukuza. Nikamvutia kiti. Alikata, mimi nikamwelekeza mbuzi walikosimama na jiko lilikokuwa. Nilijaribu kukata ubavu mmoja, nikauchana. Alinisogezea kipande kingine, na hicho pia nilikichana.

Wivu haujaisha. Nikiona mikono yake inavyotulia juu ya karatasi, bado kitu kinanichoma hapa kifuani. Lakini atakuja tena Jumapili, na chai atapika yeye.

Pumzika, Baba, kando ya Mama. Nakuahidi nitamweleza mto wako wote, kona kwa kona, mpaka auone. Ila ule wimbo wa mabaharia wa Kisangani uliokuwa ukiniimbia nikiwa na homa, huo sitamfundisha. Huo nitabaki nao mimi.

Mwanao,
Nekesa