Mrithi Asiyetazama Watu Machoni

Tata, baba yangu,

Nimerithi kibanja chetu, nyumba pamoja na migomba yake. Nakuandikia nikiwa nimekaa peku juu ya nyasi tulizotandaza migombani, hapa Kishanda, na furaha niliyo nayo inanizuia kupanga hoja kama nilivyofundishwa.

Tangu ututoke nimehitimu chuo, na huko nimepata jina la hali yangu: usonji. Nimesoma vitabu vingi kuihusu na nimebishana na karibu vyote, kwa kuwa vinaorodhesha tunachokosa na kunyamazia tunachopata. Havisemi kwamba sauti za watu sebuleni hunigonga zote kwa pamoja, ilhali mvua ikinyesha migombani nasikia kila jani peke yake, na kichwa kinatulia. Wala hatufanani: rafiki yangu wa chuoni, mwenye usonji kama mimi, hawezi kukanyaga umande, anasema unamchoma. Mimi umande ndio unaoniamsha.

Jumamosi ukoo ulikaa kumtangaza mrithi. Walikuwa wamengoja nihitimu. Baba Mdogo alinipinga waziwazi. "Hatazami mtu machoni, hata salamu humshinda. Wageni wakija watapokewa na nani, na migomba?" Watu wakacheka. Nikasimama kumjibu kwa nadharia, nikamsahihisha mara mbili mbele ya wazee, nikaona nyuso zikikunjamana. Nilikuwa ninashindwa, Tata, kwa hoja zilizo sahihi.

Ndipo Shangazi, dada yako mkubwa, alipokohoa. "Na marehemu je? Tangu utoto wake, wageni wakiingia kwa mlango huu, yeye anachukua mundu anatokea ule wa nyuma, anakwenda kukata majani makavu. Majani gani hayo hukauka kila wageni wakija? Nanyi mkamwita mchapakazi."

Kisha Baba Mdogo akashindwa kujizuia, akacheka. "Hata siku ya harusi yake tulimfuata migombani."

Sikuwahi kujua hilo. Nilikumbuka ulivyonifundisha kuegemeza shavu kwenye shina la mgomba, ambalo hubaki na ubaridi hata jua likiwa kali. Miaka yote niliamini ulilibuni kwa huruma, ili kunituliza mimi. Sasa naona ulikuwa unanigawia dawa yako. Najua marehemu hapimwi usonji, na mwingine akitoa dai kama hili ningembana alete ushahidi. Lakini nimepekua maktaba nzima nikitafuta mtu anayefanana nami, kumbe alikuwa akinitangulia shambani kila asubuhi.

Baba Mdogo mwenyewe ndiye aliyenishika mkono, akanikalisha kwenye kiti chako.

Pumzika, Tata, na uniache nikuahidi jambo moja. Wageni wakija nitawasalimu. Wakizidi, nitawaaga na kutoka kwa mlango wako. Nitatoka mikono mitupu, bila mundu, na atakayeuliza niko wapi ataambiwa ukweli.

Mwanao.