Shikamoo Mbili Pale Holili

Changamwe, Mombasa

Dada yangu Filomena,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Kilema? Mimi nimefika salama. Sare za shule zimejaa mezani na kila mzazi anaitaka ya mwanawe leo leo.

Najua kanisani wamekuambia nilionekana Moshi jioni ile, wakati asubuhi nilikuaga nasafiri. Wamesema kweli, hawakunisingizia.

Ulisema naikimbia sherehe ya sisi tuliomaliza shule pamoja, nikakubishia. Nilikuwa naikimbia, dada. Ujanani nilikuwa wa kwanza kufika, tukitambiana nani amenunua gari. Baadaye tukatambiana watoto. Safari hii nilijitazama kwenye kioo, mvi kichwa kizima na meno ya mbele hayapo, nikaona afadhali wanikumbuke nilivyokuwa.

Basi pale mpakani Holili, kwenye foleni ya kugongewa mhuri, nikapishana na mzee mmoja mwenye mkongojo. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Naye papo hapo akaniambia, "Shikamoo baba." Tukabaki tunatazamana, kila mtu anangoja marahaba ya mwenzake. Ofisa akaita jina lake. Eliya! Eliya niliyekaa naye dawati moja mpaka tunamaliza. Niliona aibu, nikacheka, vyote kwa pamoja.

"Leo si ndiyo sherehe? Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Taveta. Kununua maharage."

Maharage, dada! Kana kwamba sokoni Moshi yameisha. Na mimi nikamwambia nawahi kushona sare. Hakuna aliyemwamini mwenzake.

Hatujamaliza kucheka simu yake ikalia. Alikuwa Manase, yule wa tatu wa dawati letu. Sauti yake ilisikika mpaka kwangu: "Eliya, uko wapi? Nimewawekea viti wewe na Joakimu, watu wanataka kuvikalia." Manase amekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Wanawe walimbeba kutoka kwenye gari mpaka ukumbini. Eliya alikata simu. Nikashusha begi langu kwenye basi, tukatafuta gari la kurudi Moshi.

Tulimkuta ametandaza koti lake juu ya viti viwili. Alitutazama mmoja mmoja, kuanzia kichwani. Halafu akatushika mikono, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Kumbe na nyinyi mmezeeka! Jamani, mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

Nililia mbele za watu, na sikujali.

Nililala kwa Eliya, asubuhi nikapanda basi, ndiyo maana sikurudi kwako. Usininunie. Msalimie shemeji, na mama mdogo aliyetulea, mwambie kitenge chake nakishona mwenyewe. Na ukishuka mjini, mpitie Manase, mpelekee mtori wa ndizi. Ukae naye kidogo, dada. Anasema tangu akatwe mguu, watu humsalimia wakiwa wamesimama mlangoni.

Mdogo wako, ingawa sasa naamkiwa na wazee,
Joakimu